Shule Kwanza, Nyumba Baadaye: Kumbukumbu za Kuhamia Dodoma na Watoto

Mtumishi akipewa barua ya uhamisho, maswali mawili humjia kwa mpigo: watoto watasoma wapi, na familia itakaa wapi. Wengi huanza na la pili, kwa kuwa mizigo inataka pa kushukia. Dalali anapigiwa simu, nyumba inapatikana, kodi ya miezi sita inalipwa, kisha ndipo majirani wanaulizwa shule iliyo karibu. Yaliyowapata waliohamia Dodoma tangu 2016 yanaonyesha kwamba mpangilio huo unafaa kupinduliwa. Shule itangulie, nyumba ifuate, na vyote viwili vipimwe kwa siku ya mtoto, tangu anapoamka hadi anaporudi nyumbani.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa na TANU mwaka 1973, lakini kwa zaidi ya miaka 40 wizara nyingi zilibaki Dar es Salaam, na watumishi wake wakajenga na kusomesha watoto hukohuko. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma kabla ya 2020. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangulia Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan akafuata Desemba 2017, na Rais mwenyewe Oktoba 2019. Katikati ya safari hiyo, Aprili 2018, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 iliikuta na watu 410,956. Ya 2022 ikahesabu 765,179. Ndani ya ongezeko hilo wamo watoto waliotolewa madarasani Tabata, Mbagala na Kimara jijini Dar es Salaam, wakaingizwa madarasani Ipagala, Nkuhungu na Nzuguni. Familia ya mwandishi wa kumbukumbu hizi ilikuwamo. Watoto wake watatu walianza maisha mapya Januari 2018, mkubwa akiingia darasa la sita, wa kati la tatu, na mdogo akisubiri umri wa shule ya awali.

Barua za uhamisho huwa na tarehe ya kuripoti kazini. Kalenda ya shule haimo. Kwa hiyo, kabla ya kuulizia jina la shule yoyote, mzazi anapaswa kuangalia darasa alilomo mtoto. Mwaka wa masomo Tanzania huanza Januari na kuisha Desemba, na yapo, hadi kidato cha nne, madarasa manne yasiyotaka kuguswa ovyo, yale yenye mitihani ya Baraza la Mitihani, NECTA: la nne na la saba katika shule ya msingi, kidato cha pili na cha nne katika sekondari. Mtoto wa darasa la saba anayehamishwa Juni anapoteza mengi kuliko marafiki. Walimu wapya hawajui alipoachia, shule mpya huenda imeshapita mada ambazo kwao hazijaguswa, na usajili wa watahiniwa ukishafungwa, kwa kawaida mtoto hufanyia mtihani pale alipoandikishwa. Ndiyo maana baadhi ya wazazi walitangulia peke yao. Mwandishi aliripoti mwaka 2017, akapanga chumba kimoja Chang'ombe, na watoto wakaachwa Dar es Salaam na mzazi mwenzake hadi shule zilipofungwa Desemba. Chumba hicho kilikuwa na joto na choo cha kuchangia, lakini miezi iliyokaliwa humo ndiyo iliyotumika kuzunguka shule bila haraka. Kodi yake yote haikufikia hata nusu ya kodi ya miezi sita ya nyumba ya familia iliyochaguliwa vibaya.

Karatasi nazo zina utaratibu wake. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM, inayomtambulisha katika mfumo wa kumbukumbu wa NECTA, na akihama lazima ahamishwe ndani ya mfumo huo, si kwa barua ya mkononi peke yake. Mwalimu mkuu wa shule anayotoka amwachie, wa shule anayokwenda ampokee. Likizo ikishaanza, mwalimu wa kuifanya kazi hiyo huwa kijijini kwao. Busara ni kulimaliza suala hilo wiki za mwisho za muhula, mzazi akiwa bado anaweza kwenda shuleni kwa miguu na kuketi kwenye benchi la ofisi hadi lishughulikiwe.

Lugha ya kufundishia ni kizingiti ambacho wengi hukiona wakiwa wameshakigonga. Shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Nyingi za binafsi ni za mchepuo wa Kiingereza. Mtoto aliyesoma Kiswahili hadi darasa la nne akipelekwa mchepuo wa Kiingereza, mara nyingi shule humpa mtihani wa kujiunga na kumrudisha darasa moja au mawili. Anayetoka huko kuja shule ya serikali harudishwi, ila hujikuta anajua hesabu lakini haelewi maswali yake. Mtoto wa kati wa familia hii alikuwa hodari wa hesabu, lakini majaribio yake ya mwanzo katika Kiswahili yalijaa majibu sahihi ya maswali ambayo hayakuulizwa. Mwalimu mmoja mwenye moyo alikaa naye wakati wa mapumziko, akimsomea maswali kwa sauti na kumwachia akokotoe mwenyewe, na kufikia likizo ya Juni shida ilikuwa imekwisha. Katika darasa la tatu jambo hilo linavumilika. Katika la sita lingekuwa hatari, na kwa sababu hiyo mkubwa alibakizwa katika lugha ileile aliyoianzia, ingawa shule yenyewe ilikuwa mbali zaidi.

Umbali ndio kiini cha suala hili, na hapa Dodoma ilitoa funzo ambalo miji mingine huenda isingelitoa waziwazi kiasi hicho. Wizara zilipofika, nyingi zilipewa hifadhi ya muda katika majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kusini mashariki mwa katikati ya jiji. Watumishi waliochagua nyumba kwa kufuata ofisi walijibana upande huo. Kisha Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, kilomita takriban 17 kutoka katikati ya jiji kwenye barabara ya Morogoro, na ofisi zikahama tena. Nyumba iliyokuwa karibu na kazi ikawa mbali, na pengine haikuwahi kuwa karibu na shule hata siku moja. Walioanza na shule hawakutikiswa sana. Mtu mzima aliongeza muda wake wa safari, watoto wakaendelea na njia yao ileile, walimu walewale na marafiki walewale. Ofisi inaweza kuhamishwa kwa tangazo, na mtu mzima anaweza kupanda basi la watumishi. Mtoto wa miaka saba hana njia ya kujirekebisha namna hiyo.

Kwa hiyo njia ipimwe kwa mtoto mdogo kuliko wote, na kwa saa atakayoipita. Asubuhi ya Juni, eneo la Kisasa, saa kumi na moja na nusu, bado ni giza na kuna baridi inayomshangaza mtoto wa Dar es Salaam. Watoto wamesimama kando ya barabara ya vumbi wamevaa masweta juu ya sare, dada wa kazi anamulika kwa tochi ya simu ili dereva awaone. Basi la shule linawapakia wa kwanza hapo, linazunguka Ilazo na Ipagala, linaingia mitaa ya katikati, na kufika shuleni saa moja kasoro. Anayepanda mwanzo wa mzunguko hukaa garini zaidi ya saa nzima kuifikia shule ambayo gari dogo lingeifikia kwa dakika kumi na tano. Anayepanda mwisho huamka akiwa ameshiba usingizi. Ada ya usafiri ya wote wawili ni ileile. Mzazi anayeambiwa kwamba "basi linafika kwenu" ana haki ya kuuliza linafika saa ngapi, mtoto atakuwa wa ngapi kupanda, na jioni atashushwa wa ngapi. Asiyepewa majibu aamke alfajiri moja alifuate basi hilo kwa bodaboda toka mwanzo hadi mwisho. Ni gharama ndogo.

Daladala ni habari nyingine. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kondakta anayetafuta hesabu ya tajiri humwona mwanafunzi kama kiti kilichopotea. Shule ambayo mtoto hawezi kuifikia bila kubadilisha daladala mara mbili imempangia kuchelewa, na imempangia pia kusimama stendi jioni pamoja na watu wasiomjua. Kama hakuna basi la shule, basi miguu ndiyo usafiri wa kutegemewa, na mtaa uchaguliwe kwa hilo.

Mtaa wenyewe hausomeki mchana wa Jumamosi, siku ambayo dalali hupenda kuonyesha nyumba. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi mingine ni mikavu kabisa. Nyumba inayotazamwa Agosti imezungukwa na ardhi ngumu na upepo wa vumbi, na mgeni haoni kwamba kati yake na shule kuna korongo. Lakini korongo huacha alama. Mchanga mlaini huwa umelala kwa mistari, mizizi ya miti huonekana kama imeoshwa, magunia ya mchanga yamepangwa nyuma ya kuta, na msingi wa nyumba ya jirani una mstari wa udongo mwekundu usiofutika. Mahali penye alama hizo, Januari maji hupita kwa nguvu ya kumwangusha mtu mzima, na watoto wa ng'ambo hukaa nyumbani au huvuka. Mwandishi aliachana na nyumba nzuri yenye vigae na geti la chuma kwa sababu ya mstari mmoja wa udongo uliopita kwenye ukuta wa jirani, na mvua za mwaka uliofuata zilimpa haki.

Maji ya kunywa nayo yaulizwe kwa majirani kabla ya kuulizwa kwa mwenye nyumba. Jiji linategemea zaidi visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na idadi ya watu ilivyopanda, mgao ukawa sehemu ya maisha. Yapo maeneo yanayopata maji siku kadhaa kwa wiki na mengine yanayopata kwa nadra, na vipo visima vya watu binafsi vyenye chumvi. Hili linahusu shule kwa njia ambayo haionekani mara moja. Nyumba isiyo na tenki kubwa humtuma mtoto ndoo kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, na kazi za shule za nyumbani hufanywa usiku akiwa amechoka.

Wanaoujua mtaa ni wale wanaoshinda ndani yake. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye mhamiaji atamwendea hata hivyo kwa ajili ya kujiandikisha, anajua mahali palipoibiwa na grosari inayopiga muziki hadi usiku wa manane. Mama wa genge anajua zaidi: watoto wa mtaa hucheza wapi, nani huwachunga, na banda la video linawapokea kina nani saa za masomo. Mwandishi alinunua nyanya na vitunguu kwenye genge moja la Ipagala kwa majuma kadhaa kabla ya kupanga nyumba, na mwenye genge ndiye aliyemwelekeza nyumba ambayo haikuwa na dalali. Thamani ya majirani ilionekana kwa ukamilifu Machi 2020, shule zote zilipofungwa kwa sababu ya korona na watoto wakakaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Familia zilizokuwa zimechagua mtaa wa kulala tu, wenye kuta ndefu na mageti yanayofungwa mchana kutwa, ziliteseka. Zile zilizokaa penye watu wazima wanaoonekana na uwanja wa kuchezea ziliwaona watoto wao wakipokezana vitabu na kusomeshana kibarazani.

Shule ikaguliwe saa nne, wakati wa mapumziko, si siku ya wazazi. Mgeni akiomba kwa heshima kumwona mwalimu wa taaluma, mara nyingi hupewa nafasi. Cha kwanza kutazama ni vyoo. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule iliyo mbali mno na kiwango hicho itawafanya wasichana wakubwa wabaki nyumbani baadhi ya siku za kila mwezi. Baada ya hapo yaombwe madaftari. Mwalimu atataka kuleta la mwanafunzi bora. Liombwe la mwanafunzi wa kati. Katika shule moja ya serikali, yenye madarasa yaliyofurika na madirisha yasiyo na vioo, daftari la sayansi la mtoto asiye na sifa yoyote lilikuwa limesahihishwa kila ukurasa, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu mahali kosa lilipoanzia. Katika shule nyingine, ya ada kubwa na maua getini, daftari lilikuwa na alama ya vema kwenye kila jibu, pamoja na majibu yaliyokosewa. Watoto wawili wakubwa wakaandikishwa katika shule ya kwanza na nyingine inayofanana nayo.

Matokeo ya mitihani yana faida yake yakisomwa kwa makini. NECTA iliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora ilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya 2022, mwezi Januari 2023, na uamuzi huo ulikuwa mwema, kwa kuwa orodha zile ziliwafanya wazazi watazame juu tu. Matokeo ya kila shule bado yapo wazi. Cha kulinganisha ni idadi ya watahiniwa wa darasa la saba na idadi ya wanafunzi waliokuwa darasa hilohilo miaka miwili nyuma. Shule iliyokuwa na watoto 60 darasa la tano ikafikisha 38 darasa la saba, ufaulu wake wa asilimia mia umejengwa kwa mchujo. Waliokosa wastani waliambiwa warudie au waondoke, na mtoto mgeni, ambaye mwaka wa kwanza lazima ayumbe, ndiye wa kwanza kuchujwa.

Kwa upande wa fedha, shule za serikali hazitozi ada tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, ingawa wazazi huchangia chakula kwa makubaliano yao. Kwa shule binafsi hesabu iwe ya mwaka mzima, ada pamoja na usafiri, sare na masomo ya ziada, na itoshe kulipwa hata mwaka ambao malipo ya uhamisho yamechelewa.

Watoto wenyewe wana la kusema, kila mmoja kwa umri wake. Mdogo hutaka kujua kitanda chake kitakuwa wapi. Mkubwa, aliyeacha marafiki wa miaka sita, alipewa shule mbili ambazo wazazi walishazikubali, akaambiwa achague. Alichouliza hakikuwa kwenye karatasi ya mzazi yeyote: wapi wanacheza netiboli. Alichagua penye uwanja, akaingia timu mwezi wa kwanza, na majina ya wasichana wa timu ndiyo yaliyoanza kusikika nyumbani wakati wa chakula cha jioni. Kumwachia mtoto achague kati ya mambo yote ni kumtwika mzigo. Kumwachia achague kati ya mawili yaliyo salama ni kumheshimu.

Zipo familia zilizoamua kutohama. Mzazi mmoja alikaa Dodoma, watoto wakabaki Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa basi la Ijumaa jioni lilikuwa kama chumba cha pili. Ni safari ya kilomita takriban 450, na mzazi alifika usiku mwingi, akawakuta watoto wamelala. Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo Julai 2024 imepunguza safari hadi takriban saa nne, na kwa mtoto aliyebakiza mwaka mmoja wa mtihani mpango huo sasa unabebeka. Kwa wadogo bado haufai. Nao ule mlango wa zamani, wa kumpeleka mtoto bweni hadi mambo yatulie, umefungwa kwa wadogo: Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2023 ulizuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, na kwa anayejua watoto wa miaka sita wanavyolia usiku, hilo halihitaji kutetewa.

Uamuzi wa mtaa huendelea kufanya kazi baada ya shule ya msingi. Mwanafunzi anayemaliza darasa la saba katika shule ya serikali hupangiwa sekondari, na kwa wengi ni sekondari ya kutwa iliyo jirani. Wachache wenye alama za juu huchukuliwa na shule za vipaji maalumu kama Msalato, iliyopo Dodoma kwenyewe, Kilakala, Mzumbe, Ilboru au Kibaha, ambazo hazijali mtu anakaa wapi. Wengine wote wanabebwa na anwani. Anayehamisha mtoto wa darasa la tano au la sita, kwa hiyo, anachagua sekondari bila kujua, na anafaa kuitembelea hiyo nayo. Sera ya elimu iliyohuishwa 2023 imeongeza uzito wa jambo hilo, kwa kuwa inapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, na katika mpito huo madarasa mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Mkuu wa sekondari ya jirani anaweza kuulizwa ana vyumba vingapi, vingapi vinajengwa, na walimu wa sayansi na hisabati ni wangapi. Majibu yake yaandikwe kwenye karatasi ileile yenye saa za basi la shule na siku za mgao wa maji, kisha ndipo dalali apigiwe simu.